Nimewatilia Dawa

Chupa ilikuwa ya soda, ya nusu lita. Ndani yake mlikuwa na chengachenga za rangi ya udongo, kina cha vidole viwili. Ubavuni mtu alikuwa amebandika kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, akaandika kwa wino wa bluu: V2/P1.

“Hiyo ni namba ya sumu,” alisema koplo. “Mkuu mwenyewe kaisoma.”

“Mkuu kasomea kemia lini?”

Koplo alikohoa. Alikuwa mtu mzima aliyebakiza miezi saba kustaafu, na faili hili alilipenda kwa sababu aliliona limekwisha. Mtuhumiwa yupo, chupa ipo, shahidi yupo. Kukiri nako kupo, kumeandikwa kwa mkono wake yeye koplo, na chini yake limegandamizwa dole gumba la mtuhumiwa.

Inspekta alikuwa amekabidhiwa faili asubuhi hiyohiyo, baada ya mwenzake kuhamishwa. Pale kituoni walimwita Chekeche. Ukimletea maneno aliyatikisa mpaka pumba zote zidondoke, na mara nyingi hakikubaki kitu. Alisoma faili lote akiwa amesimama.

Muuza maji, umri miaka thelathini na sita, alishikwa na homa Jumatatu. Jumatano akaanza kuropoka na kumwita mkewe kwa jina la marehemu baba yake. Ijumaa akafa hospitali. Mama yake mzazi, waliyekuwa wakiishi naye, akashikwa na homa hiyohiyo siku mbili baadaye. Yeye bado yuko wodini, hajitambui. Wiki moja kabla ya mwanawe kuugua alikufa punda wa mkokoteni. Mke wa muuza maji, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, hakuugua. Pacha wake wa miaka mitatu hawakuugua. Leo ilikuwa siku yake ya sita mahabusu.

“Gari la mahabusu linaondoka saa tisa kwenda kwa hakimu,” koplo alisema. “Mkuu anataka hati ya mashtaka iwe imesainiwa. Mauaji.”

“Akishapanda hilo gari?”

“Anakwenda gerezani kusubiri kesi. Mwaka, miaka miwili, inategemea. Watoto wanabaki na shangazi yao, dada wa marehemu. Ndiye aliyeleta malalamiko.”

Chekeche aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi.

“Mlete.”

Mama Pacha aliingia peku. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyepita tu.

“Umekula?” Chekeche aliuliza.

“Wanangu wamekula?”

“Wako na wifi yako.”

“Najua waliko, afande. Nimeuliza kama wamekula.”

Chekeche aliandika neno moja kwenye daftari. “Nitakwenda kuangalia mwenyewe. Sasa nijibu. Humu imeandikwa, ‘Nakiri kwamba niliwatilia dawa.’ Ni maneno yako?”

“Ni yangu.”

“Uliwatilia?”

“Niliwatilia.”

“Ulitaka wafe?”

“Nilitaka wafe. Nani asiyetaka?” Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. “Lakini si hivi. Sikutaka iwe hivi. Mume wangu yule. Na mama mkwe alikuwa hana neno na mimi. Afande, nimeshasema, mmeshaandika. Msiniulize tena, nakuomba.”

Akaweka kichwa juu ya meza. Askari wa zamu alimrudisha.

“Umesikia mwenyewe,” koplo alisema.

“Nimesikia. Wewe umekamata wauaji wangapi tangu uanze kazi?”

“Kumi na mmoja.”

“Yupi kati yao alikuuliza, ‘Nani asiyetaka?’”

Koplo alifikiri. “Hakuna.”

“Kaa hapa na simu yako. Usiipeleke chaji mahali.”

*

Fundi cherehani alikuwa na kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba ya Mama Pacha. Alikuwa na tepu shingoni na pini tatu mdomoni, na alizitoa moja moja kabla ya kuanza kuongea, kama mtu anayejiandaa kuhutubia.

“Mama, mimi si mmbea. Ukuta ndio mwembamba.”

“Ukuta ulisema nini?”

Fundi akacheka, akaona mgeni hacheki, akaacha. “Ilikuwa asubuhi, tarehe tano. Nilikuwa napiga pasi. Nikamsikia uani anasema, ‘Wametunyonya vya kutosha. Leo nimewatilia dawa. Hatabaki hata mmoja.’ Neno kwa neno. Mwili ulinisisimka.”

“Ukampigia nani simu?”

“Simu ya nini?”

“Umesikia mtu anatangaza kuua, mwili umekusisimka. Ukafanya nini?”

“Nikaendelea kupiga pasi.” Fundi aligeuza macho. “Siku ile sikuelewa. Nilielewa walipoanza kudondoka.”

“Alikuwa anamwambia nani?”

Fundi alirudisha pini moja mdomoni. Chekeche alinyoosha mkono, akaichukua, akaichomeka kwenye mto wa pini.

“Kulikuwa na mtu,” fundi alisema. “Sikumtaja kwa sababu sikumwona. Alicheka tu. Mwanamume.”

“Alisema nini?”

“‘Umechelewa.’ Akacheka tena.”

Chekeche alitoka nje, akampigia koplo. Alipomaliza kusimulia, koplo alikuwa ameshapata jibu.

“Hawara huyo, afande! Wamepanga wote wawili. Nianze kumtafuta?”

“Anza kukaa chini. Mtu anatilia watu wawili sumu, halafu anasema ‘hatabaki hata mmoja’? Wawili unasema ‘wote wawili’. Hata mmoja ni wengi.”

“Labda alihesabu na punda.”

Chekeche alikata simu.

Uani kulikuwa na banda tupu la punda, mkokoteni uliolala na mishikio yake chini, na mapipa matatu ya maji yaliyofunikwa kwa mabati. Nyuma ya uzio palikuwa na bwawa, mfereji wa mtaa ulioziba ukapanuka mpaka ukawa na majani yake na ndege wake, weupe, wenye miguu mirefu, wamejipanga kwenye tope kama nguo zilizoanikwa. Harufu yake ilimfanya Chekeche apumue kwa mdomo. Alijipiga kofi mkononi, kisha shingoni.

Dada wa marehemu, aliyehamia pale kuwaangalia watoto, alikuwa akifua nguo zao. Pacha wawili, wa kike, walikuwa wamekaa kwenye gunia wakigombania mfuniko wa sufuria.

“Wamekula?”

“Wamekula uji, watakula wali. Mimi siweki kitu kwenye chakula cha watu.” Alikamua kigauni kwa nguvu za kukamulia blanketi. “Alianza na punda, afande. Alijaribia kwa punda, akaona dawa inafanya kazi, akahamia kwa kaka yangu.”

“Kaka yako alikuwa anamnyonya mkewe?”

“Kaka yangu? Alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwenda kupanga foleni ya maji! Anauza mpaka jioni, anarudi, anakaa hapo hapo bandani anatengeneza mkokoteni na kumsugua punda wake. Mama anakaa pembeni anampigia hadithi. Giza likiingia ndipo wanakula. Nani anamnyonya nani hapo?”

“Na mama yako?”

“Mama anakula kijiko kimoja cha uji, kingine anawapa wajukuu. Amnyonye nani?”

“Mama Pacha jioni alikuwa wapi?”

“Ndani, na watoto. Anawaingiza kwenye chandarua mapema, eti ana kazi za kushona mashuka. Hakutaka kukaa na sisi.” Aliinuka, kiganja kiunoni. “Unaandika nini?”

“Unachosema. Nyumba hii ya nani?”

“Ya marehemu baba.”

“Mama Pacha akifungwa, atakaa nani humu?”

Dada wa marehemu aliitupa nguo kwenye beseni, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya Chekeche. “Unanishuku mimi? Nimezika kaka, mama yangu yuko na mipira puani, unanishuku mimi?”

“Namshuku kila mtu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Punda mlimzika wapi?”

“Bwana mifugo alimchukua. Alikata kichwa akaondoka nacho.”

*

Daktari wa mifugo alikuwa amevaa buti za mpira ofisini. Juu ya meza yake, kando ya kikombe cha chai, palikuwa na taya la mbuzi.

“Nilimchukua kwa sababu nilidhani ni kichaa,” alisema. “Alikuwa anazunguka duara moja, mdomo umelegea, anasukuma ukuta kwa paji la uso. Kichaa cha mbwa kinaweza kuanza hivyo. Kwa hiyo kichwa nilikipeleka maabara. Si kichaa.”

“Sumu?”

“Nani kakwambia sumu?”

“Mtaa.”

“Mtaa haujapasua tumbo. Mimi nimelipasua. Nyasi, pumba, kamba ya katani kipande. Ini safi, figo safi. Ubongo ndio uliokuwa na shida. Umevimba, umejaa vidoa vya damu kama vichwa vya pini.”

“Huyu punda alikuwa anakunywa maji ya mapipa ya pale nyumbani?”

Daktari alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Punda wa muuza maji anywe maji ya kuuza? Yule bwana alikuwa anamnywesha kwenye mfereji huko barabara kuu, bure. Pipa la nyumbani punda yule alilijua kwa kulibeba tu.”

“Na chakula cha jikoni?”

“Punda, mama. Si mkwe.”

Chekeche alifunga daftari, akalifungua tena. “Kwa nini hukuja kituoni?”

“Kusema nini? Kwamba punda kafa? Hamjaja kuniuliza.” Alisukuma taya la mbuzi pembeni. “Nenda hospitali. Muulize daktari wa watu kama wagonjwa wake walikakamaa shingo.”

*

Daktari wa wodi alikuwa dada wa miaka kama thelathini, macho mekundu, kalamu mbili kwenye nywele na anatafuta ya tatu. Chekeche alimwekea mbele nakala ya polisi ya taarifa ya hospitali. Daktari alisoma mstari wa mwisho, akausoma tena.

“‘Chanzo cha ugonjwa: sumu.’ Hii sikuandika mimi.”

“Ina jina lako.”

Daktari alivuta faili la wodini, akalifungua, akaweka kidole. Palikuwa pameandikwa: Sumu? (kwa maelezo ya ndugu).

“Alama yangu ya kuuliza iko wapi?”

Chekeche alipiga simu palepale. “Koplo. Taarifa ya hospitali ulinakili wewe?”

“Ndiyo, afande. Kwa mkono wangu.”

“Alama ya kuuliza umeipeleka wapi?”

“Alama ipi?”

“Kama hiyo uliyoniuliza nayo sasa hivi. Usikate.” Akamgeukia daktari. “Shingo zilikakamaa?”

“Zote mbili. Homa kali, kichwa kinapasuka, kuchanganyikiwa, degedege. Watu wazima, nakwambia, wanapiga degedege kama watoto. Malaria nilipima mara tatu, hakuna. Nikachukua maji ya uti wa mgongo, hakuna vimelea vya kawaida, lakini chembe za kinga zimejaa. Ubongo umewaka moto, na kilichowasha ni virusi.”

“Una hakika?”

“Nina hakika si sumu ya tumboni. Virusi gani, sijui, wako wa aina nyingi. Sampuli ziko maabara kuu, majibu wiki mbili.”

“Mtu anavipata wapi virusi hivyo?”

“Kwa mbu. Ndege anavyo mwilini bila kuumwa sana. Mbu anamnyonya ndege, jioni anakuja kumnyonya mtu. Wengi wanapata homa ndogo tu na kupona. Wachache vinapanda kichwani. Hata farasi na—”

“Na punda.”

“Na punda. Umejuaje?”

“Sema tena mbu anafanya nini.”

“Ananyonya.”

Chekeche alibaki na simu sikioni. “Koplo, uko?”

“Nipo.”

“Nenda mahabusu. Muulize Mama Pacha aliwatilia dawa akina nani. Usitaje mume, usitaje mkwe. Sema ‘akina nani’, basi, halafu ufunge mdomo.”

Vilisikika viatu vya koplo, mlango wa chuma, sauti ya mwanamke. Sauti ya koplo. Sauti ya mwanamke tena, safari hii ya juu.

“Anasema mbu, afande.” Koplo alikuwa amepunguza sauti. “Anauliza kama namtania. Anasema alikuwa anamwambia mumewe. Mumewe ndiye aliyecheka, akasema umechelewa, wameshatumaliza damu. Dawa ile alitia kwenye mapipa, kuua viluwiluwi. Anasema alipewa na bwana afya.”

“Siku sita kwa nini hakusema?”

“Anasema nani alimuuliza? Anasema tulimuuliza uliwatilia dawa, akajibu ndiyo. Yeye anajua ameua. Anadhani dawa ya mbu ndiyo waliyokunywa kwenye maji, ikawafikia kichwani. Mkuu yuko hapa, amesikia. Anasema mbu au watu, sumu ni sumu. Kaweka kwenye maji ya kunywa, mtu kafa. Saa tisa gari linaondoka.”

“Nyumba nzima inakunywa mapipa yale. Yeye na watoto pia.”

“Nimemwambia. Anasema hayo yakasemwe mahakamani.”

Ilikuwa saa sita na nusu.

*

Bwana afya alivaa shati jeupe lenye kalamu nne mfukoni, zimepangwa kwa urefu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, ramani ya mifereji, katoni mbili zilizofungwa kwa kamba, na ubao wa fomu za kazi za mwezi. Chekeche alisoma fomu kabla hajasalimia. *Bwawa la mtaa: limetibiwa.* Tiki. Tarehe tatu.

“Koplo wenu kaniuliza kwa simu sasa hivi, nikamjibu,” alisema bwana afya. “Mama huyo simjui. Sijampa kitu. Dawa za viluwiluwi zina utaratibu, hatugawi ovyo majumbani.”

“Kwa hiyo anadanganya.”

“Watu wakibanwa husema lolote.”

“Kweli.” Chekeche alikaa bila kukaribishwa, akatoa daftari, akachana karatasi. “Basi hilo limekwisha. Nisaidie langu la nyumbani. Nina mapipa ya maji, watoto wanaumwa na mbu kama wametiwa chumvi. Nikipata hiyo dawa kwa utaratibu, naweka kiasi gani? Niandikie, mimi kichwa hakikai na vipimo.”

Bwana afya alilegea mabega. Alichomoa kalamu ya pili, akaandika haraka, kama mtu aliyeandika hivyo mara mia, akamrudishia karatasi. Chekeche aliiweka juu ya meza. Kisha akatoa chupa ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaiweka kando ya karatasi, plasta ikiangalia juu.

V2/P1. V2/P1. Hata mkia wa ile P ulikuwa mmoja.

Bwana afya aliisukuma karatasi kando.

“Vijiko viwili, pipa moja,” alisema bwana afya.

“Asante. Mkuu wangu alidhani ni kemia.”

“Wakijua nimegawa kwenye chupa za soda nafukuzwa kazi.”

“Na yeye wasipojua ananyongwa. Inaua mtu?”

“Haiui! Ile si sumu ya mtu, ni vijidudu vya kuua viluwiluwi tu.” Alikata kamba ya katoni kwa funguo, akachomoa pakiti tupu ya dawa ile, akaigeuza. Nyuma yake, kwa herufi kubwa, ilikuwa imeandikwa kwamba inaruhusiwa kwenye vyombo vya maji ya kunywa. “Nyumbani kwangu naweka. Mama yangu anakunywa.”

“Hii nabaki nayo. Na bwawa?”

“Bwawa limetibiwa.”

“Nimetoka pale. Nimeumwa mara mbili, mchana kweupe, nimesimama dakika kumi.”

Bwana afya alizirudisha kalamu mfukoni, moja ikadondoka. “Bwawa lile linataka ndoo nane za dawa. Nililetewa moja. Ukiimwaga mle ni kama kutema mate. Nikaona heri niigawe kwa wenye mapipa, kila mtu apate kidogo.”

“Na tiki?”

“Fomu haina mahali pa kuandika ‘haikutosha’. Ina tiki na mkasi. Ukiweka mkasi wanakuuliza ndoo ilikwenda wapi.”

Chekeche alimsukumia daftari. “Andika yote hayo. Chupa, plasta, bwawa, tiki. Weka sahihi. Halafu ukimaliza uwapigie simu wakubwa zako, mimi nikisikia, uwaambie bwawa halijatibiwa na kuna mtu amekufa na mwingine yuko wodini.”

“Leo?”

“Unasubiri giza? Mbu wenyewe hawachelewi kazini.”

Aliandika kurasa mbili. Alisema ukweli. Chekeche alimsahihisha mahali pawili tu.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa ametoa miwani, kama kawaida yake alipotaka ionekane hakuridhika. Saa ilikuwa nane na dakika arobaini. Nje gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa.

“Hii inanionyesha dawa haiui,” alisema. “Hainionyeshi kilichoua.”

“Daktari anasema virusi.”

“Daktari anasema wiki mbili. Punda hawezi kutoa ushahidi. Na mwanamke amekiri, Inspekta. Mtaa mzima umesikia amekiri. Nikimwachia leo, kesho wanachoma nyumba, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Hakimu atamwachia kama ana haki.”

“Baada ya miaka miwili.”

“Huo ndio utaratibu. Saini hapo.”

Kalamu ilikuwa juu ya hati. Koplo, aliyesimama mlangoni, alijifanya anasoma kalenda.

“Siandiki jina langu chini ya alama ya kuuliza iliyofutwa,” Chekeche alisema. “Saini wewe, Mkuu. Na mimi nitaandika kwenye faili kwamba ulisoma kurasa hizi mbili saa nane na dakika arobaini.”

Mkuu alivaa miwani. Akachukua kalamu. Simu ya Chekeche ikalia. Namba aliitambua, aliiandika asubuhi uani. Aliipokea, akaiweka juu ya meza, sauti ikiwa wazi.

“Afande!” Alikuwa dada wa marehemu, na nyuma yake kulikuwa na watu wanaoita muuguzi. “Afande, mtoto! Amepata homa saa sita, nikadhani jua. Sasa anapiga degedege, shingo haikunji, niko hapa hospitali!”

“Amekula nini?” Chekeche aliuliza.

“Unaniuliza amekula nini? Nilichompikia mimi! Mama yake yuko kwenu siku ya sita, nani mwingine ampikie? Kala kwa mkono wangu, kanywa kwa mkono wangu, hajagusa kitu cha mtu mwingine tangu—”

Alijikatiza. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi magumu:

“Siku zote hizi sita nilikaa nao uani jioni. Ndani kulikuwa na joto.”

Mkuu aliigeuza hati ya mashtaka, akaandika nyuma yake neno *Aachiwe*, akatia sahihi, akasukuma karatasi kwa Chekeche bila kumtazama.

“Dereva wa gari lile,” alisema, “mwambie azime injini.”

Koplo alikuwa ameshatangulia na funguo.

Mama Pacha alikuwa amesimama mahabusu, ameshikilia mikono yake mwenyewe; alisikia gari likinguruma na alikuwa tayari kwa safari ile nyingine. Chekeche hakuingia na maneno mengi. Alimwambia dawa yake haikuua mtu. Alimwambia ni mbu wa bwawani, kwamba ni ugonjwa, kwamba leo daktari na bwana afya wamesema. Alimwambia yuko huru.

Mama Pacha alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

“Mbona koplo analia?” aliuliza.

“Mwanao ana homa. Ya ubongo, ileile. Yuko hospitali, wameanza kumhudumia. Gari langu liko mlangoni.”

“Yupi?”

Daftari lilikuwa mkononi mwa Chekeche, kurasa kumi na nne tangu asubuhi, tarehe, saa, vipimo, maneno ya watu neno kwa neno. Hakulifungua. Alijua halimo.

“Sikuuliza,” alisema.

Mama Pacha alimtazama kidogo. Kisha akampita, akapita kaunta walikomwekea viatu vyake na simu yake, akatoka uwanjani peku kwenye kokoto za moto, akaufungua mlango wa gari mwenyewe.

“Njoo uendeshe,” aliita. “Njoo basi, mama!”